Kura Zikikaribiana, Reli na Ziwa Visiguswe

(Hotuba iliyosomwa na ndugu yetu wa kazi ya njia ya reli mbele ya mkutano wa wanachama wa Migori na Homa Bay, uliokutana mjini Homa Bay. Twaipiga chapa hapa kwa kuwa wengi waliiomba.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, wanachama wote, na wageni wetu wavuvi, madereva wa malori na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Awendo,

Sisi tunaosema mbele yenu si wasomi. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na Kiswahili chetu ni cha kazini, cha nyundo na mataruma. Mkisikia kosa, sameheni. Mkisikia neno la maana, lichukueni.

Tumeombwa kusema juu ya uchaguzi wa rais na jirani zetu. Wengine watauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na hesabu ya kura za rais? Tena hapa Migori na Homa Bay hata reli haifiki. Mtu wa reli anatafuta nini huku? Twajibu kwamba reli ilifika hapa zamani kwa njia ya maji. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ziwa likawa sehemu ya reli. Meli za reli zilitia nanga Homa Bay na Kendu Bay, zikachukua watu na pamba na mahindi, zikaenda hadi Mwanza na Port Bell. Shirika la reli lilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo likagawanywa, na wenzetu wengi wakapoteza kazi kwa ugomvi wa wakubwa ambao wao hawakuuanzisha. Baadaye gati la Homa Bay likawa kimya. Kwa hiyo nanyi mnajua, pengine kuliko sisi, gharama ya majirani kukosana.

Sasa tuje kwenye kura. Twataka mshike tarakimu mbili tu, nazo ni hizi.

Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007: marehemu Mwai Kibaki alitangazwa kuwa na kura 4,584,721, na marehemu Raila Odinga kura 4,352,993. Toa moja katika nyingine, utapata 231,728.

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022: William Ruto alitangazwa kuwa na kura 7,176,141, na Raila Odinga kura 6,942,930. Toa tena, utapata 233,211.

Ndugu zetu, tofauti hizi mbili karibu ni sawa. Hazipitani hata kwa kura elfu mbili. Mtu aliyeshindwa kwa hesabu alikuwa ni yule yule, na sisi wa pande hizi, tuseme kweli, wengi wetu tulimpigia yeye kura mara zote mbili. Lakini mara ya kwanza nchi iliwaka, reli iling'olewa, na Uganda ikakosa petroli. Mara ya pili gari moshi lilikwenda na malori yakavuka Malaba. Basi ukaribu wa kura peke yake si ugonjwa. Lazima tutafute kitu kingine kilichotofautiana.

Tuanze na mara ya kwanza. Matokeo yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, na jioni ile ile rais akaapishwa Ikulu, kabla watu hawajapata nafasi ya kuuliza swali. Upande wa pili ulikataa kwenda mahakamani, kwa kuwa haukuziamini mahakama za siku zile. Baadaye tume ya Jaji Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza na kusema kwamba hesabu iliharibika kiasi cha kutoweza kujulikana nani hasa alishinda. Tume ya Jaji Waki nayo ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Si wachache waliokufa kwa risasi za polisi, na Kisumu ni mojawapo ya mahali palipolia sana. Hayo hatuyasahau, wala hatuwaombi ninyi myasahau.

Sasa angalieni jinsi jirani alivyoingia. Rais Museveni wa Uganda alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumpongeza Kibaki. Kwa mtu wa Kampala hilo lilikuwa jambo la kawaida: Uganda haina bahari, mzigo wake hupita Mombasa, na mwenye duka huwahi kumwamkia mwenye njia. Lakini kwa mtu wa Kisumu, wa Migori au wa Kibera lilikuwa pigo. Tulisema: jirani ametia sahihi hesabu tusiyoikubali. Kisha ukazuka uvumi kwamba askari wa Uganda wamevuka mpaka kuja kutupiga. Serikali ya Uganda ilikana. Sisi hatukusadiki kukana huko, tulisadiki uvumi.

Katika Januari 2008 vijana wa Kibera waliing'oa reli. Ile ni njia kuu ya kutoka Mombasa na Nairobi kwenda Nakuru, na kutoka hapo Uganda na Kisumu. Siku zile ilikuwa njia moja. Hapakuwa na nyingine ya kando. Malori nayo yalizuiwa barabarani, mengine yakachomwa. Kampala petroli ikawa adimu na bei yake ikapanda kupita kiasi. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wakaona taabu hiyo hiyo. Na wakati uo huo maelfu ya Wakenya walikuwa wamekimbilia Uganda, wakapokewa na kupewa mahema. Jirani tuliyemnyima mafuta alikuwa akiwalisha ndugu zetu.

Hapa yatupasa kusema jambo letu wenyewe. Siku zile tulikuwa vijana wa Nyatike, tumetoka tu kufanya mtihani wa darasa la nane. Redio ilikuwa imewekwa chini ya mti, na watu wameizunguka. Tuliposikia kwamba reli imeng'olewa, tulishangilia. Tuliruka juu. Mmoja wetu alipiga sufuria kama ngoma. Tulisema: sasa Museveni atajua.

Wiki mbili baadaye baba yetu mdogo alirudi nyumbani kwa miguu kutoka barabara kuu, na blanketi lake limefungwa kwa kamba. Alikuwa kibarua wa kupakua mizigo katika stesheni moja ya magharibi. Gari moshi halikuja, mzigo haukuja, na kibarua halipwi siku asiyofanya kazi. Hakutugombeza. Alikula, akanawa, akasikia watoto wakisimulia habari ya reli kwa furaha. Akauliza swali moja tu: "Mlikuwa mkishangilia nini?"

Hakuna aliyemjibu. Sare, sanduku na ada ya bweni ya kidato cha kwanza vilikuwa vitoke kwake. Havikutoka. Ndiyo maana elimu yetu ni ile tuliyowaambia mwanzo. Hatusemi hivi ili mtuhurumie, maana tumepata kazi na tunakula. Twasema ili mjue kwamba kabla Museveni hajajua, baba mdogo alijua.

Na tangu tuingie kazi ya njia tumejifunza jambo jingine. Kung'oa reli ni kazi ya saa moja kwa watu wenye hasira. Kuirudisha ni kazi ya watu wenye jasho: kunyanyua, kupima upana, kupigilia, kujaza kokoto, kujaribu kwa mwendo wa polepole. Na mzigo uliohama haurudi upesi kama reli. Mfanyabiashara wa Kampala au Kigali akichomwa mara moja, hutafuta njia ya Dar es Salaam, na hata amani ikija atabaki na njia mbili. Kila behewa linalokwenda upande ule ni siku ya kazi iliyomtoka mtu wa upande huu.

Tumefikiri sana jinsi kura zilizokaribiana zinavyozaa ugomvi na jirani, nasi twaona hatua tatu. Hatua ya kwanza, aliyetangazwa mshindi huku ushindi wake una mashaka hutafuta mkono wa nje umwinue, kwa sababu ndani nusu ya nchi haimwinui. Hatua ya pili, nusu ile iliyoshindwa humwona jirani aliyetoa mkono kuwa adui wa pili. Hatua ya tatu, kila neno dogo la mpakani, ambalo zamani lingemalizwa na wazee wa pwani mbili, hubeba hasira ya uchaguzi juu yake.

Mfano wa hatua ya tatu tunao hapa kwetu, nao ni Migingo. Kisiwa chenyewe ni jiwe tu, kidogo kuliko uwanja wa mpira. Polisi wa Uganda walikuwa wamefika pale tangu mwaka 2004. Wavuvi wetu walilalamika juu ya kodi na kukamatwa, na haikuwa habari ya kutikisa nchi. Lakini mwaka 2008 na 2009, baada ya uchaguzi ule, Migingo ikawa jambo la Bunge na la magazeti. Mpaka wa majini uliandikwa na Waingereza katika amri ya mwaka 1926. Na kabla ya mwaka 1902 pande zetu hizi zote zilihesabiwa kuwa ni Uganda, wala hakuna babu yetu aliyeulizwa. Rais Museveni mwenyewe alikiri mwaka 2009 kwamba kisiwa ni cha Kenya, lakini akasema maji yanayokizunguka ni ya Uganda, na akaongeza maneno ya kuwatukana Wajaluo. Mwaka ule ule watu wa Kibera wakaing'oa reli mara nyingine, safari hii kwa ajili ya Migingo.

Je, mvuvi wa Migingo alipata nini kwa reli ile? Kenya ina kama asilimia 6 tu ya ziwa hili. Sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Mbuta hajui mstari. Mvuvi wa Muhuru, wa Sori, au wa Remba hapa Homa Bay, akimfuata mbuta kilindini hujikuta upande wa mwenzake, na akikamatwa hupoteza nyavu, injini na samaki. Atakayemsaidia ni mapatano ya majirani wanaosikilizana. Reli ikikatwa Kibera, injini yake hairudishwi. Pengine inachukuliwa na ya pili.

Lakini tusimseme jirani kwa ubaya tu. Mwaka ule ule wa 2008 jirani ndiye aliyesaidia kuzima moto. Kofi Annan wa Ghana aliongoza mazungumzo, na pamoja naye walikuwa Graça Machel na Benjamin Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania. Rais Jakaya Kikwete, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuja Nairobi, na tarehe 28 Februari 2008 Kibaki na Raila wakatia sahihi. Ninyi wa Isebania mlio na shemeji na wajomba Sirari mwajua maana yake. Wakati nyumba inaungua, anayefika kwanza na maji ni wa jirani. Ukiwa umekosana naye kwa ajili ya pongezi, nani atakuja?

Sasa mara ya pili, mwaka 2022. Hatutawadanganya kwamba yote yalikuwa mazuri. Makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi waliyakana matokeo siku ile ile yalipotangazwa. Wengi wetu hatukulala. Lakini mambo mawili yalikuwa yamebadilika. La kwanza, fomu za vituo vya kura zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuitazama fomu ya kituo chake. La pili, palikuwa na mahakama ambayo mwaka 2017 ilikwisha kuonyesha kwamba yaweza kufuta uchaguzi wa rais aliye madarakani. Hukumu ile ya tarehe 1 Septemba 2017 haikuponya kila kitu. Katika marudio ya Oktoba, hapa Migori na Homa Bay, na Kisumu na Siaya, mahali pengi hapakupigwa kura. Lakini ilitufundisha kwamba mlango wa mahakama una ufunguo. Kwa hiyo mwaka 2022 walioshindwa walikwenda mahakamani. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba walikataa madai yao. Hatukupendezwa. Tukarudi kazini.

Na jirani je? Tarehe 13 Septemba marais wa jirani walikuja Kasarani kushuhudia kiapo, naye Museveni alikuwapo. Wiki chache baadaye, mapema Oktoba, mtoto wake, Jenerali Muhoozi, akaandika mtandaoni kwamba jeshi lake lingeuteka mji wa Nairobi kwa muda usiofika wiki mbili. Fikirini, ndugu! Neno kama lile Januari 2008 lingewaka kama nyasi za kiangazi. Mwaka 2022 Wakenya walicheka, wakamtania, na baba mtu akaomba radhi hadharani. Hakuna taruma lililoguswa. Tulikwenda kazini asubuhi ile, tukapitisha mzigo wa Uganda kama kawaida.

Hiyo ndiyo tofauti, ndugu zetu. Pengo la kura lilikuwa lile lile, na jirani alikuwa na ulimi ule ule, au mkali zaidi. Lakini ugomvi wetu ulikuwa umepata chumba chake cha kusikilizwa ndani ya nyumba, basi haukutoka nje kutafuta mtu wa kumpiga.

Tulipokuwa tukiandaa maneno haya, mwenzetu mmoja wa njia, mtu tunayemheshimu, alitupinga. Alisema: "Mtu mdogo hana gazeti wala mbunge. Reli ndiyo kitu pekee cha wakubwa anachoweza kukifikia. Mkimwambia asiiguse, mnamwambia anyamaze." Neno hili lina uzito. Wale walioing'oa reli hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wamepigwa, na walitaka mtu mkubwa asikie. Nasi chamani twajua nguvu ya kusimamisha gari moshi. Mgomo ni silaha yetu. Lakini mgomo tunaupigia kura, tunatoa notisi, tunajua nani atalala njaa na tunamchangia, na siku ya mwisho reli yenyewe iko palepale. Anayeng'oa reli hakumuuliza kibarua. Ndilo jibu letu, na aliye na jibu bora alilete.

Uchaguzi mwingine umepangwa Agosti 2027. Raila Odinga ametutoka mwezi Oktoba 2025, na hakuna ajuaye kura za pande hizi zitakwendaje. Zaweza kukaribiana tena, kama zamani au kuzidi. Kwa hiyo twaleta mbele yenu maazimio manne.

Kwanza, kila tawi litafute wanachama wake watakaokuwa mawakala vituoni, wa chama chochote cha siasa wanachokipenda, na kila mmoja abaki mpaka fomu itiwe sahihi na kubandikwa mlangoni. Hesabu inayoonekana haihitaji pongezi ya jirani ili isadikiwe.

Pili, mwanachama asing'oe, asizuie, wala asishangilie anayeng'oa reli, gati au daraja, kwa sababu ya kura au ya jirani. Dai la Migingo lipelekwe kwa maandishi. Hali kadhalika ndugu zetu wa Awendo: dai lenu juu ya sukari inayotoka nje ni dai la mkate, nasi tuko pamoja nanyi, lakini lisemwe kwa jina lake lenyewe, lisifungwe katika gunia moja na hesabu ya kura.

Tatu, mfanyakazi wa Uganda au Tanzania aliye kati yetu, awe baharia, utingo au mchuuzi wa dagaa, asiguswe siku za uchaguzi. Mwenye uvumi juu ya askari wa kigeni aulete kwa Katibu kabla hajaupeleka sokoni.

Nne, tuanze sasa mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya vibarua, ambao hukosa mshahara siku ya kwanza ya ghasia, na tuwaandikie wafanyakazi wenzetu wa reli na meli wa Uganda na Tanzania, tuwaambie tunayoazimia na kuwaomba waazimie vivyo hivyo. Tusingoje mpaka wakubwa wapongezane au watukanane ndipo tuanze kutafutana.

Baba yetu mdogo bado yu hai. Ana mashua moja Muhuru, na mbuta wake huuzwa kwa mtu asiyemuuliza alimpigia nani kura. Tulipomwambia kwamba tunakuja kusema hapa, aliuliza kama safari hii tutakuwa na jibu la swali lake. Ndugu Mwenyekiti, jibu si letu sisi peke yetu. Liko katika mikono ya walioketi hapa. Wanaokubali maazimio haya, na wainue.

Umoja ni nguvu.

(Maazimio ya kwanza, pili na tatu yalikubaliwa na mkutano. La nne lilikubaliwa kwa upande wa barua; kiasi cha mchango kitazungumzwa katika mkutano ujao, na kila mwanachama aombwa kuja na shauri lake.)